Kuvua kwa ndoana Ziwa Bisina: jua samaki waliopo kabla ya kutupa mshipi

Ziwa Bisina liko Teso, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Kumi na Ngora ziko kusini mwake, Katakwi iko kaskazini. Kwenye ramani za wakati wa ukoloni utalikuta limeandikwa Salisbury. Ni ziwa jembamba la kina kifupi: hata penye kina kirefu zaidi hapazidi mita sita hivi, na sehemu kubwa ya kingo zake imezibwa na mafunjo na yungiyungi. Maji yanayoshuka kutoka Mlima Elgon na nyanda za Karamoja hupita kwenye vinamasi vya Opeta, huingia Bisina, kisha hutokea upande wa Awoja kwenda Kyoga.

Maelezo haya ni ya mtu mwenye ndoana, hayamhusu mwenye nyavu. Huenda umehamishiwa kazi Kumi, au una duka Mbale na Jumapili moja ya kupumzika, au umekwenda Soroti kuwatembelea wakwe na umechoka kukaa chini ya mwembe. Unataka kujua kama kuna samaki, ni wa aina gani, na kama utarudi na kitoweo. Samaki wapo. Wengi wao si wakubwa. Na aina utakayoikuta huamuliwa zaidi na mafunjo kuliko na bahati yako, kwa hiyo tuanzie hapo.

Hatua ya kwanza: elewa mafunjo yamefanya nini

Katikati ya miaka ya 1950 sangara alipandikizwa katika Ziwa Kyoga, na sato wa Nile naye akaletwa katika miaka hiyohiyo. Sangara ni mlaji mkubwa wa samaki wenzake. Katika miongo iliyofuata, samaki wengi wa asili wa Kyoga na wa Victoria walipungua mno, hasa ngege wa asili, ndugu wa sato, na zile jamii nyingi za samaki wadogo ambao Waganda huwaita nkejje na watu wa Mwanza huwaita furu.

Ila kuzunguka Kyoga kuna vijiziwa vingi vilivyotengwa na ziwa mama kwa mikanda mipana ya mafunjo: Nawampasa, Nyaguo, Agu, Gigati, Lemwa, Opeta, Bisina na vinginevyo. Maji yaliyomo ndani ya mafunjo yana hewa kidogo sana. Majani huoza, kivuli ni kizito, upepo hauyatikisi. Sangara hawezi kukaa kwenye maji ya namna hiyo, hupungukiwa na hewa haraka. Nkejje na ngege wanavumilia zaidi: husogea juu kabisa na kuvuta ule utando wa maji ulio karibu na hewa. Kambare ana kiungo cha ziada juu ya matamvua kinachomsaidia kupumua hewa ya nje. Kamongo yeye ana mapafu, na asipopanda juu kupumua hufa. Hivyo mafunjo yamekuwa ukuta kwa sangara na mlango kwa wengine, na ndiyo sababu samaki waliotoweka katika maziwa makubwa bado wanapatikana katika vijiziwa hivi. Bisina na Opeta ziliwekwa kwenye orodha ya ardhi oevu za Mkataba wa Ramsar mwaka 2006, na hifadhi ya samaki hao ni mojawapo ya sababu kwa upande wa Bisina.

Kwa mvuvi wa ndoana, maana yake ni kwamba usije Bisina ukiota sangara wa kilo hamsini wa kupigia picha. Mafuriko makubwa, kama yale ya Teso ya 2007 au kujaa kwa maziwa mwaka 2019 na 2020, hufungua njia katikati ya mafunjo, kwa hiyo usimbishie mtu akikwambia ameona sangara. Lakini usipange safari kwa ajili yake. Anayetaka sangara mkubwa wa ndoana aende Murchison Falls, kwenye Nile chini ya maporomoko, akiwa na kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Bisina uje kwa ajili ya sato na ngege, kambare, na kamongo. Mimi kamongo peke yake ananitosha, lakini hilo ni la ladha ya mtu.

Hatua ya pili: kaa mwaloni kabla hujakaa kwenye maji

Fika mapema mwaloni, pale ukingoni mitumbwi inaposhushia samaki, ikiwa inarudi. Watu waliotega usiku huanza kuingia mwaloni alfajiri, na kufikia saa tatu asubuhi samaki wazuri wameshapakiwa kwenye pikipiki za wachuuzi. Ukifika saa nne utaona magamba tu.

Salimia vizuri. "Yoga" ni salamu ya Kiteso inayofungua mlango kuliko Kiswahili chako chote, na ukimaliza sema "eyalama". Katikati hapo Kiswahili kinatosha: wengi wa mwaloni wamewahi kufanya biashara Mbale, Busia au kwenye magulio ya Karamoja. Mtu mzima muite mzee, kijana muite ndugu. Usianze na daftari mkononi. Mtu mwenye daftari mwaloni hudhaniwa ni wa kodi au wa operesheni, na ukishadhaniwa hivyo utaambiwa ziwa halina samaki kabisa.

Kisha tazama. Mambo matatu yanakutosha.

Tazama kwanza aina zilizomo kwenye kila mtumbwi. Mwaloni na sokoni kila samaki wa jamii ya sato huitwa ngege, kwa hiyo usitegemee jina, tegemea mkia. Sato wa Nile ana mistari myembamba iliyosimama, imejipanga mkia mzima kama kitambaa cha kanga kilichochanwa. Ngege wa asili hana mistari hiyo. Yule wa tatu, mfupi mwenye kifua chekundu na doa jeusi kwenye pezi la mgongoni, ni mgeni pia, mla majani. Ukiona ngege wasio na mistari ni wengi, mafunjo ya upande huo bado yanafanya kazi yake. Ukiona mistari mitupu, mgeni ameshatawala.

La pili ni ngazi ya ukubwa. Panga kichwani samaki wa aina moja kuanzia mdogo hadi mkubwa. Ziwa lenye afya lina ngazi: wadogo wengi, wa kati wa kutosha, wakubwa wachache lakini wapo. Mtumbwi ukileta samaki wa kipimo kimoja tu, uliza macho ya wavu kabla hujahukumu, kwa sababu wavu huchagua. Wavu wa inchi tano hauwezi kukuonyesha samaki wa kiganja hata kama ziwa limejaa wao. Ndiyo maana usitazame mtumbwi mmoja. Tazama wa nyavu, wa migono, na wa vijana wanaovua kwa ndoana pembeni. Hao wa mwisho ndio jirani zako kikazi, na habari zao zina thamani kubwa kwako kuliko za mwenye nyavu ishirini.

La tatu ni mayai. Muombe mama anayepasua samaki akuonyeshe. Jamii ya sato ikibanwa, ama kwa kuvuliwa kupita kiasi ama kwa kukosa nafasi na chakula, huanza kuzaa ikiwa bado ndogo. Ukiona majike ya urefu wa kiganja yameshabeba mayai, ujue utapata samaki wengi wa kuhesabu na wachache wa kujaza sufuria. Si habari mbaya kwa mtu anayetaka kumfundisha mtoto kuvua. Ni habari mbaya kwa mtu aliyeahidi wageni chakula.

Swali zuri la kuuliza: "Mzee, mtumbwi huu jana ulileta ndoo ngapi, na mwezi huu mwaka jana ulileta ngapi?" Swali baya: "Kuna samaki?" Hilo hujibiwa "wapo" na kila mtu anayekodisha mtumbwi.

Hatua ya tatu: ruhusa

Pita kwa ofisa wa uvuvi wa wilaya uulize kibali kinachohitajika kwa ndoana, kisha jitambulishe kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wa kijiji chenye mwalo. Mwaka 2017 jeshi lilianzisha kikosi chake cha kulinda uvuvi katika maziwa ya Uganda, na askari hao hawana muda wa hadithi. Ukikutana nao, "afande" na karatasi mkononi vinamaliza mazungumzo haraka. Kipimo wanachokitazama kwa jamii ya sato ni inchi 11, yaani karibu sentimita 28, kutoka pua hadi ncha ya mkia. Kwa sangara ni inchi 20. Nyavu za plastiki za uzi mmoja na makokoro ni marufuku, kwa hiyo mtumbwi unaoukodi ukiwa nazo ndani, tafuta mwingine.

Hatua ya nne: hesabu mwenyewe

Macho ya mwaloni yanakupa picha ya jumla. Ili ujue upande wako wa ziwa una samaki kiasi gani, tumia kipimo cha wataalamu wa uvuvi, ambacho ni rahisi kuliko kinavyosikika: samaki waliopatikana, gawanya kwa muda ambao ndoana zilikaa majini.

Chukulia mko wawili, kila mmoja ana ndoana mbili, mmevua saa tatu. Hizo ni ndoana nne kwa saa tatu, sawa na saa kumi na mbili za ndoana. Mkipata samaki sita, ni nusu samaki kwa kila saa ya ndoana. Wiki ijayo ukiwa peke yako na ndoana moja kwa saa nne, ukapata wawili, ni nusu vilevile. Ukubwa wa kapu umebadilika, ziwa halijabadilika. Bila hesabu hii ungerudi nyumbani ukisema samaki wameisha.

Masharti yake ni machache lakini usiyavunje: chambo kilekile, saa zilezile za siku, na uandike hata siku ya sifuri. Hasa siku ya sifuri. Watu huandika siku nzuri tu, kisha daftari linawadanganya.

Pima urefu wa kila samaki kwa futi kamba ya fundi cherehani, hata wale unaowarudisha. Andika aina, urefu, jike au dume kama unaweza kutofautisha, na hali ya maji. Baada ya misimu miwili ya mvua utakuwa na kitu ambacho hata ofisa wa uvuvi atataka kukiona, maana vijiziwa hivi havifanyiwi utafiti mara kwa mara. Taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi iko Jinja, na maziwa ya kuhudumia ni mengi.

Hatua ya tano: vifaa

Hapa watu hupoteza pesa bure. Huhitaji fimbo ya dukani yenye gurudumu. Mwanzi mkavu wa mita tatu hadi nne unatosha kwa sato, kwa sababu utakuwa unavua kwenye uwazi mdogo kati ya majani na hutupi mbali. Mshipi wa nailoni unaobeba kilo tano, ndoana ndogo za namba 6 hadi 10, kipande cha kandambili iliyochakaa kiwe boya, na chubwi dogo la risasi. Boya liwe dogo kiasi kwamba linazama kwa mguso. Sato hamezi kwa pupa. Huonja, hutema, huonja tena, na boya nene halitakuambia chochote.

Kwa kambare na kamongo badilisha kila kitu. Mshipi wa kilo kumi na tano kwenda juu, ndoana kubwa kati ya namba 1/0 na 4/0, na kwa kamongo kipande cha waya laini kati ya mshipi na ndoana. Kamongo ana meno yaliyoungana kama makali ya koleo. Anaponda konokono kwa meno hayo, na nailoni kwake ni uzi wa kushonea.

Chambo cha sato ni nyungunyungu. Chimba penye unyevu karibu na migomba au chini ya rundo la samadi. Ukikosa, donge gumu la atap lililolala, ule ugali wa ulezi na muhogo, hukaa kwenye ndoana vizuri kuliko ugali wa mahindi. Lakini elewa jambo moja: ngege wa asili ni mlaji wa vijimea vya kijani vinavyoelea majini, visivyoonekana kwa macho. Ndoana haimvutii sana. Ukivua siku nzima ukapata sato wenye mistari pekee, usihitimishe kwamba ngege hayupo. Kamuulize mwenye wavu. Ndoana nayo huchagua, kama wavu.

Kambare anakula karibu kila kitu: utumbo wa kuku, vipande vya samaki, sabuni ya mche kwa wanaoamini hivyo. Kamongo anapenda konokono wa majini na kipande cha samaki kinachonuka.

Hatua ya sita: mahali na saa

Anza na ramani ya kichwani. Kutoka nchi kavu kwenda ndani kuna nyasi zilizofurika, kisha mafunjo, kisha yungiyungi na magugu yaliyozama, kisha maji wazi. Kila mpaka kati ya tabaka mbili ni mahali pa samaki. Katikati ya maji wazi, ukiwa na mwanzi, unapoteza muda.

Sato tafuta kwenye ukingo wa nje wa yungiyungi, penye maji ya mita moja hadi mbili. Ukiona chini ya maji mashimo ya duara kama sahani kwenye mchanga au tope gumu, hivyo ni viota vya madume: kila dume huchimba chake na kukilinda. Ndoana ikishuka hapo itagongwa kwa hasira hata kama samaki hana njaa. Ni rahisi mno, na kwa sababu hiyohiyo mimi huyaacha. Madume yaliyo shimoni yakiondolewa, msimu wa watoto umepotea. Vua mita kumi pembeni.

Kuhusu saa, sahau kanuni ya kwamba alfajiri ndiyo bora kuliko zote. Kwenye maji yenye magugu mengi, mimea hutoa hewa mchana ikiwa na jua, lakini usiku nayo huitumia. Ikifika saa kumi na moja alfajiri, hewa ndani ya magugu iko chini kabisa, na samaki aliye humo amechoka. Hana hamu ya kula. Subiri jua lipande. Kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi sato huamka, na tena jioni kuanzia saa kumi hadi giza. Alfajiri inafaa upande wa maji wazi unaopigwa na upepo, au kwa kambare anayerudi kutoka matembezi yake ya usiku.

Upepo mdogo ni rafiki. Chagua ukingo unaopokea upepo, kwa kuwa mawimbi huingiza hewa na kusukuma vijimea na wadudu upande huo. Ukingo uliotulia kama kioo ni mzuri kwa kula chakula cha mchana.

Msimu una uzito kuliko saa. Teso mvua kubwa huanza Machi au Aprili na kwenda hadi Juni, nyingine hurudi Agosti hadi Oktoba au Novemba, kisha kiangazi kikali cha Desemba hadi Februari. Mvua za kwanza zinapofurisha nyasi, kambare hutoka ziwani usiku na kupanda kwenye maji mapya kuzaa, wakati mwingine kwenye maji yasiyofika goti. Wanakijiji huwasubiri huko na mikuki na mapanga. Wewe waache wapande. Kipindi changu cha kambare ni baada ya hapo, maji yanapoanza kurudi, maana njia za kutokea kwenye nyasi huwa chache na samaki wote hupita hapo, wakubwa na wenye njaa. Kwa sato, kiangazi ni bora: maji yamepungua, yametulia, na samaki wamekusanyika kwenye eneo dogo.

Baada ya dhoruba kubwa kuna siku moja au mbili za kukaa nyumbani. Tope la chini huchafuka, maji yasiyo na hewa hupanda juu, na samaki huonekana wakihema usoni pa maji. Kati ya Desemba 2020 na Januari 2021 sangara wengi walikufa kwa namna hii Victoria na Kyoga, na watu wakasema ni sumu. Maelezo ya serikali yalikuwa upungufu wa hewa baada ya dhoruba. Pamoja na hayo, samaki uliyemkuta anaelea amekufa usimbebe. Huwezi kujua kwa kumtazama kama ameuawa na hewa au na dawa iliyomwagwa na mtu.

Hatua ya saba: kamongo

Kamongo anastahili sehemu yake.

Mtafute kwenye uwazi ndani ya mafunjo, penye maji meusi yaliyotulia. Keti kimya uangalie uso wa maji. Kila baada ya muda atapanda, atafungua mdomo, utasikia mvumo mfupi wa hewa, kisha mduara wa mawimbi. Ukiona mahali pamoja pamepanda mara mbili au tatu, ndipo alipo, si msafiri. Shusha chambo taratibu hadi tope, bila boya, mshipi ukiwa umelegea kidogo mkononi. Akichukua utahisi mvuto mzito wa polepole, bila kugonga. Usivute. Hesabu hadi kumi, acha mshipi uende, kisha kaza kwa nguvu moja.

Usimwingize mtumbwini akiwa hai na mikono yako karibu. Anauma, na kidole alichokishika hakiachi. Mpige kichwani kwa rungu akiwa bado kwenye ubavu wa mtumbwi, na ndoana uitoe kwa koleo ukiwa nchi kavu. Wakati wa mvua dume hulinda kiota chenye mayai na watoto ndani ya mafunjo. Akitokea mahali palepale na kushambulia kila kinachokaribia, huyo yuko kazini. Mwache.

Kabla ya kumpelekea mtu zawadi ya kamongo, uliza kwanza. Kuna koo zisizomla, na zamani katika sehemu nyingi wanawake hawakumla. Waganda humwita mmamba, na samaki huyo ni mwiko wa ukoo mzima kwao. Anayemla atakushukuru, nyama yake ni nene, haina miba midogo, na ikibanikwa hukaa siku nyingi.

Utakutana pia na gogogo, yule samaki wa miiba mitatu anayelia akitolewa majini. Hafai kwa sufuria kubwa, na miiba yake hufunga wima. Mshike kwa kitambaa nyuma ya miiba.

Hatua ya nane: usalama wako

Bisina linaonekana dogo na la kina kifupi, na hiyo ndiyo hatari yake: upepo wa alasiri huinua mawimbi mafupi ya karibukaribu yanayojaza mtumbwi haraka. Vaa jaketi la kuokolea, rudi ukingoni kabla ya saa nane kama mawingu yanajikusanya upande wa Elgon au Kadam. Uliza mwaloni kuhusu viboko na mamba wa upande unaokwenda, na uamini jibu. Usisimame majini penye majani na konokono bila mabuti ya mpira, kwani kichocho hukaa hapo. Ukivua mara kwa mara, pima kwenye kituo cha afya.

Hatua ya tisa: nani abaki, nani arudi

Sato aliye chini ya inchi 11 arudi. Hilo ni la sheria. Mengine ni ya akili. Jike la sato hubeba mayai na watoto mdomoni. Ukimtoa majini anaweza kuwatema mtumbwini. Ukiona punje za njano au vitoto vinamdondoka, mrudishe yeye na alichotema mara moja, mikono ikiwa imelowa, ndoana ikikatwa kama imezama. Ngege asiye na mistari, kama amenaswa kwa ndoana kwa bahati, mimi humrudisha hata akiwa mkubwa. Waliobaki duniani ni wachache na kitoweo kingine kipo.

Nkejje usiwafanye chambo. Kila mtu atakuambia wao ndio chambo bora cha kambare, na ni kweli. Lakini baadhi ya jamii zao haziko tena kwenye maziwa makubwa, na utumbo wa kuku unafanya kazi ileile.

Chukua kambare unavyohitaji, kwa kuwa anazaa mayai mengi na anavumilia. Kamongo chukua mmoja.

Hatua ya kumi: kabla ya kuwasha pikipiki

Kagua mtumbwi, ndoo, kamba na mabuti. Tafuta vipande vya gugu la Kariba, lile lenye majani madogo ya mviringo yenye manyoya juu, ambalo tangu karibu 2013 limekuwa likisumbua Kyoga, na gugu maji la maua ya zambarau. Kipande cha urefu wa kidole kinatosha kuanzisha zulia zima kwenye ziwa jingine. Kianike juani, mbali na maji. Maji yaliyobaki kwenye ndoo yamwage nchi kavu, wala usiondoke na samaki hai kwenda kumpandikiza kwenye bwawa la shamba au kijiziwa cha jirani, hata kama ni sato mzuri kiasi gani. Vifaa vikishakauka siku mbili juani, unaweza kwenda navyo Opeta wiki inayofuata.